Usukani wa Shangazi Zamzam

Langoni, Lamu
Jumapili, 2 Juni 2024

Kwa Shangazi Zamzam,

Assalam alaykum. Nakuamkia. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Baba hajambo na duka lake la misumari, Mama kifua kimepoa, na yule paka wa kijivu kazaa tena ndani ya kabati la vyombo. Mvua imepungua na mabasi yameanza kupita Garsen, ndiyo maana barua yako ya Aprili imenifikia juzi, bahasha imevimba kama mkate wa mofa.

Kwanza nikwambie kwa nini naandika, sipigi. Simu ni ya Baba, na simu ya Baba hukaa dukani. Ukipiga, nazungumza na wewe huku wateja watatu wanasikiliza, sauti inakwama, naishia "eee" na "hapana". Darasani ni vivyo hivyo. Nikiulizwa kwa Kiingereza, jibu linanijia kwa Kiswahili. Nikiulizwa kwa Kiswahili, linanijia kwa Kiingereza. Nikishalipatia lugha yake, mwalimu keshamwita mwengine. Kwenye karatasi hakuna anayenisubiri.

Sasa lile nililotaka kusema tangu juzi. Umeandika kwamba lile gari lako jekundu la viti viwili, ulilolifufua kwa miaka miwili, umelipanga alaimenti ya magurudumu kwenye mashine ya karakana yako mwenyewe, taa zote kijani, na bado "usukani ni bubu". Sentensi hiyo nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Naosha vyombo naiwaza. Shangazi, mimi nadhani najua kwa nini!

Ile mashine huridhika gari likiwa ndani ya vipimo vya kiwanda, na kiwanda kilimfikiria mtu anayekwenda sokoni. Tazama baiskeli. Uma wa mbele haukusimama wima, umelala nyuma kidogo, na ndiyo maana ukiachia mikono baiskeli hujinyosha yenyewe. Gari nalo lina mlalo huo, nyinyi mafundi mnauita kasta. Ukiwa mdogo, usukani ni mwepesi lakini hausemi kitu. Ukiongeza, unakuwa mzito kidogo, unarudi katikati wenyewe, na barabara inakufikia viganjani. Wewe umeandika una digrii nne. Jaribu sita.

Usinicheke. Nimesoma kitabu kimoja cha maktaba ya shule mara tano, na video nimetazama kwa Asmaa, jirani yetu mwenye kompyuta, bila sauti kwa sababu mtoto wake hulala.

Mwanao,
Rumaisa


Voi
Jumatano, 19 Juni 2024

Rumaisa mwanangu,

Waalaykum salam, na Idd Mubarak ya kuchelewa. Nilichinja mbuzi mmoja na majirani, nikamkumbuka mamako kwa pilau yake nikakaribia kulia. Mwambie kaka yangu salamu zake zimefika, na kwamba mimi sijambo, na kwamba bado sijaolewa, asiulize.

Barua yako nimemsomea Jabez, fundi wangu, kuanzia bismillahi mpaka mwisho. Akaniuliza, "Huyu ana miaka mingapi?" Nikamwambia kumi na saba. Akasema, "Na huko kwenu si kuna punda tu?" Nikamwambia, "Punda pia ana usukani, Jabez, ila hauhitaji grisi." Akacheka, akachukua spana kwa dharau, akasema tujaribu tumalize ubishi.

Hatukufika sita. Boliti ziligoma kwenye tano na nusu. Nikatoka na gari barabara ya nyuma, ile ya mashamba ya mkonge.

Rumaisa! Kona ya kwanza nilidhani kuna mtu mwengine ameshika usukani pamoja nami. Ulikuwa ukinivuta kurudi katikati, taratibu, kama mtoto anayekushika kidole. Kona ya pili nikahisi changarawe. Sikuziona, nilizihisi, upande wa kushoto, kwa kiganja. Miaka kumi na moja nawapangia watu magari yao mpaka taa ziwe kijani, nachukua changu, nasema asante, haya mwengine. Sikujua kumbe kuna kitu nakikosa.

Sasa sikiliza. Tarehe kumi na nne Septemba kuna shindano la magari kukimbizana na saa ndani ya shamba la mkonge, lami kilomita mbili na nusu, kona kumi na moja. Mwaka jana nilikwenda dakika mbili na sekunde tisa. Nikishuka chini ya dakika mbili kwa vipimo vyako, nakuja Lamu mwenyewe kumwomba kaka yangu akuachie uje ukae nami likizo ya mwisho wa mwaka. Siyo kuja kuangalia. Kufanya kazi, ovaroli mwilini.

Ila niambie: haya mambo unayajaribia wapi?

Shangazi yako,
Zamzam


Langoni
Jumapili, 30 Juni 2024

Kwa Shangazi,

Assalam alaykum. Mama kila siku yuasonya akisikia hujaolewa, halafu kila siku yuasema heri yako. Paka wamefungua macho.

Barua yako niliisomea dukani nikaangusha kopo zima la misumari ya inchi mbili. Baba akauliza, "Kuna msiba?" Nikatikisa kichwa. "Kuna harusi?" Nikatikisa kichwa. "Basi okota." Nimeokota misumari yote nikicheka peke yangu kama mwehu. Tano na nusu! Changarawe kwa kiganja!

Shangazi, kuja kwako nakutaka kuliko kitu chochote. Nimeshaliandika neno hilo, sasa halifutiki.

Basi tuendelee na mbele ya gari. Simama ujitazame miguu. Vidole vikitazamana, huo ndio mkao wa magurudumu yaliyofungwa pua: gari hutulia kwenye mnyoosho, lakini ukikata kona huwaza kwanza. Vidole vikitazama nje, yamefunguliwa pua: gari linaingia kona upesi, ila kwenye mnyoosho linatangatanga, halikai. Wewe mbele umefunga milimita mbili. Fungua mpaka sufuri, pua zitazame mbele sawasawa. Nadhani usukani utakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Nyuma bado nafikiri.

Barka yule hamali wa Langoni anakusalimu, anasema anakukumbuka ulipokuwa ukimwibia ndizi mkokotenini.

Rumaisa


Voi
Jumapili, 21 Julai 2024

Rumaisa,

Waalaykum salam. Huku baridi. Sikuiba ndizi, alikuwa akinipa.

Sufuri mbele ni tamu. Nimejipima mwenyewe kwa saa ya simu, ndani ya lile shamba: dakika mbili na sekunde tatu. Jabez hasemi tena habari za punda. Juzi nilimkuta anamweleza mteja wa lori mambo ya kasta kwa baiskeli, maneno yako yote, hata hakukutaja.

Sekunde tatu zimebaki, na najua ziko wapi. Kuanzia kona ya sita barabara inateremka, na nikiachia mafuta, nyuma yapepesuka. Kidogo tu, lakini moyo unaondoka na mguu wa kulia unafuata. Ningetaka nyuma itulie. Vitabu vyasema funga pua za nyuma, nami nimefunga kidogo, lakini haitoshi, au labda imezidi, sijui. Nyuma sipendi kuigusa kwa kubahatisha. Mbele ikikosea unasikia usukanini. Nyuma ikikosea unajua umeshageuka.

Kwa hiyo nakuuliza mara ya pili, na mara hii nataka jibu: unayajaribia wapi? Nikijua umeyaona kwa macho, nitafunga boliti. Kama ni kitabu tu, nitaacha.

Zamzam


Langoni
Jumapili, 11 Agosti 2024

Kwa Shangazi mpenzi,

Assalam alaykum. Shule zimefungwa. Nimekuwa wa nne darasani. Mwalimu Kiptoo wa fizikia ameandika kwenye ripoti, "Rumaisa anajua mengi, hatuambii." Baba ameisoma mara mbili akaiweka mfukoni. Barka kafurahi, mkokoteni wake ulikuwa ukienda kombo mwaka mzima na sasa umenyooka, haishi kunishukuru. Mama ameanza kushona kanzu za Maulidi.

Umeuliza, nakujibu. Najaribia kwenye pikapu ya Mwalimu Kiptoo, kule Mokowe. Huniruhusu Jumamosi.

Na Shangazi, nimegundua kitu! Nimekijaribu siku tatu, kwa mzigo mwepesi na mzigo mzito, nimepima kwa mshipi wa kuvulia uliokazwa pande zote mbili na rula ya chuma. Kila mtu anasema nyuma zifungwe pua. Mimi nimeona kinyume chake. Nilipozifunga, magurudumu yaliyumba: mzigo ukilalia kushoto yanakwenda kushoto, ukilalia kulia yanakwenda kulia. Nilipozifungua, milimita mbili kila upande, yalinyooka kama uzi. Hata nikiyasukuma kwa makusudi upande mmoja yanarudi yenyewe. Sikulala kwa furaha. Labda vitabu vyote vimenakiliana!

Fungua pua za nyuma, milimita mbili kila upande. Nimeona kwa macho yangu.

Nakuombea dua kila baada ya sala. Chini ya dakika mbili, inshallah.

Rumaisa


Voi
Jumapili, 22 Septemba 2024

Kwa Rumaisa,

Waalaykum salam. Mwandiko utauona mgeni. Naandikiwa na Jabez kwa sababu mikono yangu imejaa grisi na karatasi ni safi.

Mimi sijambo. Kazi nyingi, malori yamejaa uwanjani. Mpelekee mamako kitambaa hiki nilichokifungia humu, ni cha kanzu.

Shindano lilikwenda vizuri kiasi. Mpaka kona ya sita nilikuwa naruka, watu walisimama. Ya saba kulikuwa na mchanga barabarani. Gari liligeuka likatazama nilikotoka, likaingia kwenye mkonge. Mlango umekunjika na taa moja imekufa. Mchanga hauna mwenyewe, usiuwaze. Saa haikuhesabiwa, lakini mtu akipotezewa mbio na mchanga si kosa la vipimo. Kwa hiyo ahadi yangu iko palepale. Ukifunga shule nitazungumza na kaka yangu, uje.

Shangazi yako,
Zamzam

Mimi ni Jabez, naongeza yangu kabla sijafunga bahasha. Dada, vile vipimo vya kasta ni moto sana, nakupa heshima. Bosi amesema nisikuambie habari ya mkono. Basi sijakuambia.


Langoni
Jumatano, 2 Oktoba 2024

Kwa Shangazi Zamzam,

Assalam alaykum. Baba mzima, Mama mzima, kitambaa amekipenda. Leo salamu zangu ni hizo tu, kwa sababu nikiendelea na salamu nitapata pa kujificha.

Hapakuwa na mchanga. Au hata kama ulikuwepo, si mchanga.

Nilipofika pale ulipoandika gari liligeuka likatazama ulikotoka, niliiweka karatasi chini. Nikatoka mbio bila kuaga. Mji umejaa wageni wa Maulidi, ndia nyembamba za mji hazipitiki, nikamwona Barka karibu na msikiti na kreti za soda. Nikamwita. Shangazi, nilimwita kwa sauti, watu wakageuka.

"Ewe Bi Rumaisa!" akasema. "Kumbe una koo!"

Nikamuuliza, "Ile siku niliyoandika MBELE kwa chaki kwenye mkokoteni wako, niliandika upande gani?"

"Si hapa penye mikono. Ulikuwa mtupu, nilikuwa nikiuvuta nyuma yangu."

"Na tulipoujaribu?"

"Tulitia saruji mifuko sita. Nikausukuma."

"Kwa nini uliusukuma?"

Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini maji hunywewa. "Mzigo huvutwa? Nikiuvuta, soda zangu ziko mgongoni, mwenye mkono mrefu si atajisevia? Mzigo husukumwa, uuone. Na ukiusukuma, mbee ni kule unakokwenda, si huku kwenye tumbo langu."

Nikakaa chini pale pale kwenye kreti.

Umeshaelewa, wewe ni fundi. Hakuna pikapu. Mwalimu Kiptoo hana pikapu, ana baiskeli. Mimi sijawahi kukaa kiti cha dereva maisha yangu yote. Nilijaribia kwenye mkokoteni wa Barka, kwa washa za dukani kwa Baba, zile pete bapa za chuma, nilizozitia nyuma ya boliti za magurudumu. Niliandika MBELE ukiwa unavutwa, nikaujaribu ukiwa unasukumwa, kwa hiyo mbele yangu ilikuwa nyuma. Yale magurudumu yaliyonyooka kama uzi yalikuwa yamefungwa pua. Nami nikakwambia ufungue. Vitabu havikunakiliana. Nilifanya nyuma ya gari lako itangetange kwenye mteremko, palepale ulipoogopa.

Na uliniuliza mara mbili. Ungejua ni mkokoteni ungecheka, ungeuliza maswali, ungeliona kosa. Nilisema pikapu kwa sababu niliitaka Desemba. Nilijua ukisikia mkokoteni utaniona mtoto wa mji wa punda.

Ningeweza kunyamaza. Nanyamaza vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ahadi yako iko palepale kwa sababu ya mchanga, na mimi ningekuja nikavaa ovaroli juu ya mchanga huo. Siwezi. Ahadi nakurudishia. Ila niambie habari ya mkono.

Rumaisa


Voi
Jumamosi, 19 Oktoba 2024

Rumaisa mwanangu,

Waalaykum salam. Naandika kwa mkono wa kushoto, nimeanza jana, kwa hiyo nivumilie na usimwonyeshe mwalimu.

Wa kulia umevunjika kwenye kifundo. Unapona. Usukani uliponirukia sikuuachia, ukanizungushia mkono. Sikukwambia kwa sababu nilijua ungekaa chini kwenye kreti.

Sasa zamu yangu kusema. Siku ile nafungua pua za nyuma, mashine iliwaka nyekundu upande wote. Jabez akasema, "Bosi, hii hapana." Nikamwambia, "Huyu ameona kwa macho." Mimi, niliyefunga alaimenti za magari maelfu, nilijua haiwezekani. Lakini kasta ilikuwa kweli, na sufuri ilikuwa kweli, na nikaona haya kuwa yule mzee wa karakana asiyesikia. Tena shindano lilikuwa asubuhi yake. Nilitakiwa kulitembeza kwanza polepole barabara ya nyuma, kilomita moja tu, ningelijua. Sikulitembeza. Wewe ulipima vibaya na ukasema uongo. Mimi nilifunga boliti. Aliyefunga boliti ndiye mwenye kosa la boliti, hiyo usininyang'anye.

Uongo wa pikapu umeniuma. Sitakwambia haukuniuma. Fundi akinidanganya alikojaribia kitu, kesho nitamkabidhi mteja kifo. Usirudie.

Lakini ile barua yako nimeiweka ukutani juu ya mashine, Jabez ameigongomea. Pale uliposema mbele yako ilikuwa nyuma, ameichorea picha ya mkokoteni. Wateja wanauliza. Nawaambia huyo ni fundi wangu mpya aliyeko Lamu, na wote wanataka kujua kama umeshafika.

Plasta inatoka mwisho wa mwezi, lakini daktari amenikataza kushika spana mpaka mwaka mpya. Jabez ana nguvu ila hasikii gari, yeye husikia redio. Nahitaji mikono inayosikia. Ahadi uliyonirudishia nimeitupa. Hii ni nyingine, haina sekunde ndani yake.

Nimempigia kaka yangu. Kasema yeye hajasikia binti yake akiomba kwenda popote. Na kweli hajasikia. Kwa hiyo kazi hiyo ni yako. Usimwandikie barua ukaiweka chini ya sahani, nakujua. Mwambie kwa mdomo.

Zamzam


Langoni
Jumatano, 6 Novemba 2024

Kwa Shangazi,

Assalam alaykum. Shule zimefungwa, nimekuwa wa tatu. Mama ana kanzu ya kitambaa chako na hataki kuivua.

Nilimwambia Ijumaa, baada ya sala, tukiwa tunakula wali wa nazi na samaki. Nilikuwa nimeyapanga maneno siku sita. Yote yakanikimbia. Nikasema tu, "Baba, nataka kwenda Voi kwa Shangazi kujifunza alaimenti."

Akatafuna. Akatoa mwiba. Akasema, "Alaimenti ndiyo nini?"

Basi nikainuka, nikaenda mlangoni, nikachukua makubadhi yake mawili nikayaweka mkekani. Nikayatazamisha ndani, nikayatazamisha nje, nikamweleza. Nikachukua mwiko wa Mama nikaulaza nyuma, nikamweleza kasta. Shangazi, nilizungumza! Sijui kwa muda gani. Kiingereza kilipokuja nilikipitisha, Kiswahili kilipokuja nikakipitisha, sikuchagua kimoja. Mama akasema, "Wali unapoa, na nyinyi mwacheza na viatu." Baba hakumsikia. Alikuwa ameinama, anasukuma kubadhi moja kwa kidole.

Halafu akauliza, "Na ukikosea?"

Hapo niliuweka mwiko chini, Shangazi. Kisha nikasema, "Nimeshakosea. Nilimpa vipimo vya kinyume. Gari lilimgeukia akavunjika mkono. Na nilimdanganya nilikojaribia."

Baba akakaa wima. "Zamzam? Mimi kaniambia ameteleza bafuni."

Mama akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Baba akajaribu kukasirika, nikamwona anajaribu kweli, uso haukumkubalia. Akasema, "Tangu utotoni, huyu." Akayarudisha makubadhi mlangoni mwenyewe, akayapanga, pua sawasawa. Akanawa mikono. Nikadhani limekwisha hivyo, hakusema ndiyo, hakusema hapana. Asubuhi yake nimekuta juu ya begi langu la shule rula mpya ya chuma, ndefu kuliko ile yangu, na karatasi ya dukani imeandikwa kwa mkono wake: "Pima mara mbili. Jumamosi."

Jumamosi ndiyo tarehe tisa. Tiketi ameshaikata.

Barua hii siipeleki ofisi ya basi Mokowe. Nakuja nayo mwenyewe. Shangazi, nikibisha hodi nitasimama mlangoni kwako nimenyamaza, ndivyo nilivyo, na Jabez ataangalia, na haya itanishika. Usiniulize safari ilikuwaje. Chukua bahasha kwanza, usome mpaka hapa. Ukimaliza, usiseme kitu. Nionyeshe gari liko wapi.

Rumaisa